Aliyeota Harusi Akacheza Maiti

Nianze kwa kukiri. Sura iliyopita nilimsifia Sajini Crispin Quamina kwa kumtia pingu Tanti Euralie, nikasema kabisa kwamba kijana ana akili kama wembe. Nafuta. Wembe ulikuwa butu, na mimi niliyeushangilia nilikuwa butu zaidi, kwa sababu nimezaliwa hapahapa Sans Repos, kusini mwa Trinidad, na kilichompita Sajini hakikupaswa kunipita mimi. Lakini ndivyo tulivyo. Mtu akivaa sare akasema kwa sauti nzito, hata anayejua huitikia ndiyo.

Kwa aliyechelewa kufika, mambo yalikuwa hivi. Simeon Assing alikuwa na duka, na nyuma ya duka alikuwa na benki ya wei-wei, kamari yetu ya namba. Namba ni thelathini na sita, na kila moja ina kitu chake: moja ni Tandu, nne ni Maiti, tano ni Kasisi, thelathini na sita ni Punda. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi Assing aliandika namba moja kwenye karatasi, akaikunja, akaitia ndani ya kopo la tumbaku, akaziba kifuniko kwa lakiri nyekundu, akalitundika kopo kwenye boriti juu ya kaunta. Kuanzia hapo kijiji kizima kinalitazama na hakuna wa kuligusa. Watu wanacheza walichokiota usiku, na saa sita mchana kopo linashushwa mbele ya wote. Sheria inaukataza mchezo huo. Sheria inaishi Port of Spain.

Alhamisi asubuhi Assing alikutwa stoo, kichwa kimepasuliwa kwa jiwe la mizani. Saa sita ilipofika, maiti ikiwa bado imefunikwa magunia ya unga, watu walidai kopo lishushwe. Likashushwa. Ndani mlikuwa na nne, Maiti. Wanawake ambao hawakumlilia Assing tangu asubuhi wakalia hapo, maana karibu wote hawakuwa wameicheza.

Walioicheza nne kwa pesa nzito walikuwa wawili tu. Sajini aliwauliza swali moja, kila mtu peke yake: kwa nini nne? Bwana Egbert Lazare, karani wa shamba la kakao, alijibu kwamba aliota maiti ndani ya jeneza. Maiti ni nne, hesabu ikakubali. Tanti Euralie Joefield, mjane anayeuza soseji za damu sokoni, alijibu kwamba aliota harusi. Sajini akafungua ile chati yenye michoro thelathini na sita, akaipitia kwa kidole. Hakuna bibi harusi.

Halafu akalitazama kopo. Lakiri nyekundu ilikuwa imevunjwa, na juu yake imepakwa nta nyeupe ya mshumaa. Mtu alikuwa amechungulia. Nyumbani kwa Tanti Euralie, juu ya madhabahu yake, ilikutwa mishumaa saba myeupe, kwani yeye ni wa wale Wabaptisti wa kupiga kengele na kelele, ambao ibada yao ilikuwa imeruhusiwa na sheria miaka mitatu tu iliyopita. Kabla ya hapo alishafungwa mara mbili kwa kosa la kupiga kengele. Rekodi anayo, mishumaa anayo, uongo anao. Pingu.

Sasa ni Jumamosi, saa moja asubuhi. Inspekta Harcourt amepiga simu kwamba gari la polisi litafika saa sita kumchukua Tanti Euralie kwenda San Fernando kwa kosa la kuua. Kwa kosa hilo adhabu ni moja, na inaning'inia.

Sajini alikuwa amepanga chumba kwa Madam Ottoline. Asubuhi hiyo alimkuta amemwekea sahani mezani, na ndani ya sahani hamna kitu. Sajini akaitazama sahani. Madam Ottoline akamtazama Sajini.

"Mkate umeisha, Madam?"

"Mkate upo."

"Na samaki?"

"Samaki yupo, na chai ya kakao ipo, na sukari nimetia. Jana usiku nimeota jeneza, Bwana Sajini. Maiti ndani, pamba puani. Nicheze ngapi leo?"

"Mimi ni askari, sichezi."

"Sijakuambia ucheze. Nimekuuliza."

Sajini alilelewa mjini na shangazi mlokole, na kwa shangazi huyo neno wei-wei lilikuwa likifuatwa na kofi. Aliujua mchezo kama unavyoijua sufuria ya jirani, kwa harufu. Akajibu kama chati inavyosema: nne.

Madam Ottoline alikwenda dirishani akamwita jirani yake Sylvestine aje asikie askari anavyofasiri ndoto. Wakacheka wakiwa wameshikana mabega. Walipochoka, wakamweleza kwa zamu, pole pole, kama mtu anayefundishwa kufunga viatu. Ndoto huingia kwa mlango wa nyuma. Ukiota msiba, kuna harusi inakuja. Ukiota harusi, tafuta nguo nyeusi. Kwa hiyo aliyeota harusi hucheza nne, Maiti, na aliyeota maiti hucheza tano, Kasisi, maana ndiye mfungishaji ndoa. Chati ni ya wageni na watoto wa shule. Hayo hayakuandikwa humo kwa sababu hakuna aliyewahi kufikiri kuna mtu asiyejua.

Sajini akauliza, kwa sauti ya mtu anayeshika ukuta usianguke, na mishumaa je?

Madam Ottoline akamkumbusha kwamba Jumanne ilikuwa siku ya marehemu wote. Kijiji kizima kilikuwa makaburini kuwasha mishumaa myeupe, na Assing aliiuza hadi katoni ikabaki wazi juu ya kaunta, yeyote achomoe. "Wewe mwenyewe nilikupa mmoja ukawawashie wasio na ndugu," alisema. "Angalia mfuko wa koti."

Sajini akatia mkono mfukoni. Akatoa kipande cha mshumaa mweupe, urefu wa kidole gumba. Kwa ushahidi wake mwenyewe alipaswa kujikamata.

Hakula. Lakini pia hakukimbia kwenda kufungua mlango wa selo, na hapo ndipo nilipoanza tena kumheshimu. Vicheko vya wanawake wawili si ushahidi. Alichukua daftari akazunguka kijiji, na kila mtu alimuuliza peke yake, bila kutaja kesi: ukiota maiti, unacheza ngapi? Fundi viatu alisema tano. Mke wa fundi viatu, akiwa uani nyuma, asikomsikia mumewe, alisema tano. Katekista alisema yeye hachezi kamari, ni dhambi, halafu akasema tano. Watu saba, jibu moja.

Wa nane alikuwa Sookdeo, aliyekuwa akipita nyumba kwa nyumba kumkusanyia Assing vikaratasi vya watu. Yeye alisema tano bila hata kuacha kumenya chungwa, kisha akaongeza lake. Tanti Euralie humpa kikaratasi kila siku ya Mungu, mvua au jua. Karani Lazare, kwa miaka kumi na moja, hakuwahi kumpa hata kimoja. Alhamisi ilikuwa mara ya kwanza, na alikitoa saa mbili na nusu huku akitazama barabara. Sookdeo alipompelekea Assing, Assing alikisoma mara mbili. Kisha akanyanyua macho kwenye kopo.

"Akasema nini?" Sajini aliuliza.

"Akasema, mwambie karani apite kwa nyuma, nina neno naye."

"Ukamwambia?"

"Nikamwambia."

"Na hili hukunieleza Alhamisi."

Sookdeo alitema mbegu ya chungwa. "Alhamisi hukuniuliza, mzee. Alhamisi ulikuwa unaniuliza Tanti ana mishumaa mingapi."

Sajini akaliandika hilo nalo, hata sehemu ya mishumaa.

Saa nne alikuwa mbele ya selo. Tanti Euralie alikuwa ameifagia kwa kitambaa chake cha kichwa, na alikaa wima juu ya ndoo iliyogeuzwa kama anayesubiri wateja. Usiku uliotangulia aliimba mpaka Koplo akaomba ahamishiwe kituo kingine. Sajini alisimama akiwa na ufunguo mkononi, akasema alichokuja kusema: kwamba amekosea, kwamba ameuliza watu, kwamba sasa anajua harusi ni nini. Kuifuta kesi ni kazi ya Inspekta, lakini mlango anaweza kuufungua yeye, na mlango wa nyuma hauna watu.

"Ulinipitisha wapi Alhamisi?" Tanti aliuliza.

"Sokoni."

"Nikiwa na nini mikononi?"

"Pingu, Tanti."

"Watu walikuwa wananunua samaki. Wakaacha kununua, wakanitazama mimi. Miaka ishirini na sita nauza pale." Hakupandisha sauti. "Walinifunga kwa ajili ya kengele, mwanangu, nikatoka nikapiga kengele. Mimi sitoki kwa nyuma. Usinifungulie mlango. Fungua mdomo, mbele ya walewale."

Sajini alimwambia kwamba gari linakuja saa sita, na si wakati wa kushindana. Tanti alijibu kwamba yeye hashindani, amekaa. Akauliza yule mwingine aliyecheza nne aliota nini. Askari haruhusiwi kumwambia mahabusu maneno ya shahidi. Sajini alimwambia.

Tanti Euralie akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa chenji pungufu.

"Huyo hakuota. Aliyeota anaanza na ndoto, namba inamfuata nyuma. Huyo alikuwa na namba tayari, ndipo akaitafutia ndoto. Akatafuta kama wewe ulivyotafuta. Kwenye chati."

Sajini akarudisha ufunguo mfukoni. Lilikuwa kosa lake mwenyewe, neno kwa neno, likitoka kinywani mwa mtu mwingine. Ndiyo maana Alhamisi lilimwingia bila kukwaruza. Wasomi wawili walikaa meza moja wakakubaliana kuhusu ndoto ambayo hakuna aliyeiota.

Ofisi ya karani ilikuwa na feni, kalenda ya mwaka uliopita, na kiti kimoja tu cha mgeni, kifupi. Lazare alimkaribisha kama anavyowakaribisha wavunaji wa kakao siku wasiyolipwa. Sajini alijishusha kitini na kusema kwamba Inspekta anataka maelezo ya shahidi yawe yamenyooka, yenye saini, basi kama Bwana Lazare hataona tabu, warudie.

Lazare hakuona tabu. Alikuwa amepata muda wa kuiremba ndoto yake. Safari hii maiti ilikuwa ya marehemu baba yake, jeneza lilikuwa la mwerezi, na palikuwa na maua meupe.

"Ukacheza nne."

"Nne. Mimi si mtu wa ushirikina, Sajini wangu, unaniona. Lakini maiti ni maiti."

"Ulishawahi kucheza kabla?"

"Mara moja moja."

"Kwa Sookdeo?"

"Kwa nani tena?"

Sajini aliandika. "Alhamisi asubuhi ulifika dukani?"

"Saa moja, kuchukua gazeti, kama kila siku. Assing alikuwa nje anapokea mikate. Nikaweka senti zangu kaunta, nikaondoka."

"Hukurudi?"

"Sikurudi."

"Sookdeo hakukuletea ujumbe wowote?"

Feni ilizunguka. "Sookdeo ni mtu wa maneno mengi," alisema Lazare. "Sikumbuki ujumbe."

Kila jibu Sajini alimsomea, na kila jibu Lazare alitia saini, kwa mwandiko wa kupendeza wenye mkia. Kisha Sajini akafunga daftari akamwambia kwamba Inspekta atapita dukani kwa Assing saa sita, na kwamba mzungu yule hufurahi akikuta mtu mwenye elimu wa kuzungumza naye. Lazare alitazama saa yake, akachukua kofia.

Mjane wa Assing alikuwa amefungua benki. Alimzika mumewe Ijumaa, na Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi alipanda juu ya kreti akatundika kopo kwa mkono wake, akiwa na nguo nyeusi. Waliomwambia apumzike aliwajibu kwamba aliyemuua Simeon alitaka duka lifungwe au hakutaka, kwa vyovyote yeye hapokei amri kutoka kwa mwuaji. Kwa hiyo saa sita kasorobo watu sitini walikuwa wamejaa dukani na barazani, macho juu, na wengine wamesimama hadi barabarani.

Sajini alikuja na Tanti Euralie kwa miguu. Walipita sokoni, katikati, polepole, kwa sababu Tanti alikataa kuharakishwa. Mikono yake ilikuwa mitupu na aliitembeza kila mtu aione. Muuza samaki mmoja alivua kofia. Tanti alimwambia samaki wake wanaanza kunuka.

Gari la polisi lilikuwa limetangulia, Koplo amelielekeza dukani kwa agizo la Sajini. Inspekta Harcourt alisimama barazani, mwekundu kwa jua, na Lazare pembeni yake akiwa na kofia mkononi, wameshaanza kuelewana.

"Quamina. Kwa nini mahabusu wangu yuko kwenye kamari, bila pingu?"

"Nimemleta kwenye ushahidi, mkuu."

"Mtie garini."

"Hapana, mkuu."

Alilisema taratibu, lakini duka lilikuwa kimya, kwa hiyo lilifika mpaka barabarani. Inspekta alimwuliza kama anajua amesema nini. Sajini alijibu kwamba anajua. Akavua kofia yake ya sare akaiweka juu ya kaunta, chini ya kopo, akasema anaomba dakika tano, na zikiisha mkuu achukue kofia na vyeo vyake vyote. Inspekta akatazama watu sitini wasiotoka mlangoni. Akatazama saa.

Sajini akawageukia watu. Alisema, kwa sauti ileile nzito ambayo Alhamisi ilitupotosha sote, kwamba alimkamata Tanti Euralie kwa ujinga. Kwamba mwanamke huyu alisema kweli tupu na yeye hakuwa na masikio ya kuisikia. Kwamba mishumaa myeupe ilikuwa kila nyumba, hata mfukoni mwake, na akakitoa kile kipande akakiweka kando ya kofia. Tanti alisikiliza kama anayehesabu, na yalipoisha aliinamisha kichwa mara moja, kwamba yametosha.

Kisha Sajini akafungua daftari. Hakutaja jina.

"Kuna mtu ametia saini hapa," alisema, "kwamba usiku wa kuamkia Alhamisi aliota maiti ndani ya jeneza, na asubuhi akacheza nne."

Kicheko kilianzia mbele kikaenda mpaka barabarani. Kilikuwa kicheko cha kweli, kile cha kumsikia mtu amekaanga maji. Fundi viatu alisema labda mtu huyo ni Mwingereza. Mjane wa Assing peke yake hakucheka. Alikuwa ameelewa kabla ya wote, na alikuwa ameanza kutazama nyuso, moja moja, kutoka kushoto.

Inspekta aliuliza wanacheka nini. Katekista akamweleza pembeni, kwa heshima na kwa urefu, harusi ni nini na maiti ni nini. Sajini alisubiri amalize, kwa maana alitaka mkuu ajue kama kitoto cha hapa kinavyojua. Na alikuwa akiitazama mikono ya Lazare. Lazare hakuwa amecheka. Alikuwa ndiyo kwanza anajifunza, kama Sajini alivyojifunza asubuhi mbele ya sahani tupu, ila yeye alikuwa amechelewa kwa saini zake zote. Akikiri ndoto ile hapa, watu sitini watajua hakuiota. Akiikana, amekana mwandiko wake mbele ya Inspekta.

Kicheko kikaisha chenyewe, kipande kipande, watu walipoanza kuona Sajini hatabasamu.

"Ombi langu ni dogo," alisema. "Yeyote hapa aliyewahi kuota maiti akacheza nne, naomba anyooshe mkono."

Watu walitazamana; hakuna mkono ulioinuka. Nje punda alipita na mwenye punda akamsimamisha. Tanti Euralie alikunja mikono kifuani. Inspekta Harcourt, aliyekuwa ameyasoma maelezo ya Alhamisi, polepole alimgeukia mtu aliyesimama pembeni yake, na Bwana Lazare aliendelea kuishika kofia, kwa mikono yote miwili.